Maboksi Yako Niliyowashia Moto

Ghati,

Huna adabu. Nakuambia mwanzoni kabisa, usije ukadhani nimeshika kalamu ili nikulilie. Mkamwana hamtangulii mama mkwe wake kaburini. Nani alikuruhusu? Mimi ndiye mwenye miguu ya kuvimba. Mimi ndiye mwenye jicho la ukungu. Nilishachagua hata kitenge cha kuzikwa nacho, nikakipiga pasi, nikakiweka chini ya godoro. Wewe ukanipita mlangoni kama mtu anayewahi gari la Sirari, na kitenge changu ukaondoka nacho. Kizuri kile, cha maua ya njano. Sasa mimi nitavaa nini? Hukufikiria.

Na usiniambie ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji alilisema hilo mara tatu pale kaburini, na mara zote tatu nilimkazia macho mpaka akahamia mstari mwingine.

Naandika hapa hotelini kwako, Nyamongo, meza ya kona. Ni saa tisa mchana. Wa ugali wa mchana wameondoka, wa chai ya jioni hawajaja. Unajua niliishia darasa la tatu, na mwalimu wetu alikuwa mtoro kuliko sisi, kwa hiyo mwandiko wangu unapanda mlima na kushuka. Utausoma hivyo hivyo. Si wewe uliyejidai unaweza kusoma hata midomo ya wazungu?

Umeniachia kazi ya kueleza mambo. Wakija wageni kula, manesi na walimu wa kutoka mikoani, wanauliza yule marehemu alikuwa binti yako? Nawaambia hapana. Alikuwa mke wa mwanao? Nawaambia sina mtoto wa kiume. Wanabaki na kijiko hewani. Basi namwambia kila mmoja tangu mwanzo, kama kasuku: nilizaa mabinti wawili, wakaolewa wakaenda. Mume wangu akafa. Nyumba ikabaki haina wa kuitwa jina. Nikatoa ng'ombe zizini kwangu, nikaenda kwa wazazi wako, nikakuoa wewe, nyumba ntobhu, mila yetu inavyoruhusu, ukamzaa Robhi kwa jina la mzee wangu. Hapo ndipo wanaelewa kidogo, wanaendelea kula.

Wewe hukueleza hivyo hata siku moja. Wewe ulimwambia yule nesi wa Kipare, mbele ya watu, "Huyu bibi ndiye mume wangu. Muulize ng'ombe walitoka wapi." Halafu ukanigeukia, "Mume wangu, kuna kuku wa kuchinja huko nyuma, mimi mwanamke naogopa damu." Watu wakacheka. Nilikutukana siku hiyo, na nakutukana tena leo. Lakini kuku nilichinja.

Sasa nije kwenye tivii, maana ndiyo chanzo cha balaa lote.

Nilikuambia usiinunue. Yule mfanyakazi wa mgodini aliyekuwa anahama alikuona usoni, akajua huyu ni wa kuuziwa. Ukaipakia kwenye bodaboda, ukaikumbatia kwa nyuma kama bwana harusi, mkaanguka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Wewe ulichubuka goti. Tivii ilipona macho, ikafa mdomo. Fundi akaifungua, akaifunga, akasema, "Mama, hii ni bubu mpaka Yesu arudi." Mtu mwenye akili angeirudisha. Wewe ukaitundika juu ya kaunta, ukaiweka kwenye stesheni ya mapishi kutwa nzima, ukasema hoteli lazima ionyeshe chakula.

Chakula gani? Sahani kubwa kama ungo, katikati kipande cha nyama ambacho paka wetu angekiona tusi, juu yake majani matatu. Wachimbaji wakapiga kelele wanataka mpira. Mpira bila sauti, ukawaambia, ni wanaume wanaokimbizana tu. Mwita, yule mrefu anayekula dagaa kila siku kama amelaaniwa, akauliza, "Sasa hao wanasema nini?" Ukachana boksi la mafuta ya kupikia, ukachukua makapeni ya Robhi, ukaandika herufi kubwa, ukalibana kwa vibanio vya nguo kwenye msumari chini ya tivii. Mzungu alikuwa ameinama juu ya ile nyama yake ya majani matatu, ana uso wa msiba. Boksi likasema: NDUGU WAMEFIKA KUTAMBUA MWILI.

Mwita alipaliwa na dagaa. Tulimpiga mgongoni mpaka machozi yakamtoka. Nilidhani siku hiyo tumeua mtu.

Tangu hapo hukushikika. Vile vipindi vilikuwa vinarudiwa rudiwa, ukavijua kama mashairi ya shule, ukajua sasa hivi yule mwenye kipara atawasha moto wake, sasa hivi yule mama wa miwani atavuta tambi. Ukawa unangoja na boksi mkononi, mboga inaungua jikoni, mimi naita Ghati, Ghati, unanionyesha kiganja ningoje. Tambi zikianza kutoka mashineni, ndefu, unatundika: NYWELE ZA BIBI HARUSI ZIMEFIKA KUTOKA SIRARI. Mwenye kipara akichoma kiuji chake cheupe kwa ule mtungi wa moto: FUNDI AKICHOMELEA GETI LA MCHUNGAJI. Yule kijana anayelia akikata vitunguu: MATOKEO YA DARASA LA SABA YAMETOKA. Wale watatu wa suti, wanaoonja kidogo kidogo na kununa: KIKAO CHA UKOO, MBUZI ALIKUWA NA MIMBA.

Watu walikuwa wanakuja kutoka huko kwenye mashimo, na vumbi lao kichwani, hawana hata njaa, wanaagiza chai tupu ili wakae. Walikuwa wanashika tonge, wanangoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko, nina hasira. Nilikuambia, na ulinisikia: chakula hakichekwi. Sisi tumekula mizizi. Tumekula ngozi iliyokuwa kitako cha kiti, tukaichemsha kutwa. Mtu aliyechemsha kiti chake hawezi kucheka nyama, hata iwe ya mzungu, hata iwe na majani matatu.

Ukanijibu nini? "Mama, sicheki chakula. Nacheka uso."

Nikakuuliza, kama ni lazima uandike, kwa nini usiandike ukweli? Anakata nyama, andika anakata nyama. Ukaniangalia kwa huruma, mimi mama mkwe wako. "Mama, ikifanana haichekeshi." Sikukuelewa. Nilisema mwanamke huyu ng'ombe zangu zimepotea bure.

Halafu lile la shemeji. Hapo ulivuka mpaka, Ghati, na uliujua mpaka. Mzee Marwa, mdogo wake mume wangu, alishuka kutoka Itiryo kuja kututembelea, ameketi anakula. Kwenye tivii mwanamume anamkatakata yule mdudu wa baharini mwenye mikono minane. Ungeweza kuliacha lile boksi. Ukalitundika: SHEMEJI AKIGAWA SHAMBA LA MAREHEMU. Marwa anajua kusoma, bahati mbaya. Aliweka kijiko chini, akakiweka taratibu sana. Na kwa sababu kila mtu Itiryo anajua mipaka ya shamba la mume wangu ilivyotembea tangu azikwe, hoteli nzima ilinyamaza, halafu haikunyamaza.

Nilikupiga kwa upawa mgongoni. Haukuuma. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye gunia la mkaa.

Sasa nikuulize. Mtu mwenye mdomo wa namna hiyo, anayeweza kumsemea kila mtu asiyesikika, ameshindwaje kusema anaumwa kichwa? Nimekuta kadi yako ya kliniki ndani ya kopo la iliki. Nimemkuta yule nesi wa Kipare, akaniambia pressure yako ilikuwa ya kutisha, alikupa dawa, akakwambia usiache hata siku moja. Vidonge navyo vilikuwa humo humo koponi, vinanukia iliki, havijapungua. Nesi alilia. Nilimwambia asilie, yeye alifanya kazi yake, mjinga ni mmoja tu na tumeshamzika. Ulikuwa unafunga kitambaa kichwani unakaza, unakaza. Nikikuuliza unasema moshi. Moshi! Mimi nimekaa na moshi miaka sabini, haujaniangusha kama ulivyoanguka wewe, na sufuria ya maharage mkononi, asubuhi, mbele ya wateja.

Nimeandika hapo nikasimama kidogo. Kalamu iliandika vibaya. Naendelea.

Kuna jambo lazima nikuambie mimi mwenyewe, kabla hujaambiwa na wanaokuja huko.

Tulikupeleka Itiryo, ukazikwa nyumbani, pembeni ya mzee wangu. Vyombo vya msiba vilitoka hapa hotelini: masufuria, sahani, miiko, vyote vikapakiwa kwenye gari pamoja na gunia moja ambalo nilidhani ni la mkaa. Mvua ikanyesha kutwa. Kuni zote zikalowa. Watu wamejaa uani, wana njaa, wanawake wanapuliza jiko mpaka macho mekundu, moto hauwaki. Nikafungua gunia kutafuta mkaa. Yalikuwa maboksi yako. Yote. Umeyapanga, umeyafunga kwa kamba za kitenge, makavu kama mifupa.

Nilikuwa na hasira na wewe, Ghati. Sijui kama unaweza kuelewa hasira hiyo. Ulikuwa umelala ndani na kitenge changu na mdomo umefungwa, na haya makaratasi ya upuuzi yako hapa yanaongea. Nikayachana. Niliyachana moja moja, sikusoma hata moja, nikayasukuma chini ya sufuria. Yaliwaka vizuri mno. Ugali uliiva. Watu mia walikula ugali ulioivishwa na maneno yako, na hakuna aliyejua.

Robhi ndiye aliyejua. Alitoka ndani, akaniona, akaruka. Aliingiza mkono motoni, mwanao huyo, akatoa kipande. Mkono umepona sasa, usianze kunifokea, nilimpaka asali, na nesi akampaka dawa yake pia. Lakini kile kipande kimeungua pande zote, kilichobaki kimeandikwa MBUZI tu. Anakiweka kwenye begi la shule, katikati ya daftari la hesabu. Na mimi hakunisemesha tena.

Alinisalimia, ndiyo. Umemlea vizuri. Kila asubuhi, "Shikamoo bibi," kama anamsalimia mkuu wa wilaya. Nikijibu marahaba, basi, mlango umefungwa. Nikimwambia lete maji, analeta. Nikimwambia kula, anakula. Binti wa kidato cha pili aliyekuwa anapiga domo kutoka shuleni mpaka hapa, sasa anaosha sahani kama anaosha maiti.

Tulirudi Nyamongo, nikafungua hoteli, nikawasha tivii. Ile bubu ikawa bubu kweli. Wazungu wanafungua midomo, wanafumba, watu wanatazama sahani zao. Jirani yetu mwenye spika za muziki akaanza kupata wateja wetu. Mwita akabaki. Siku moja akaniambia, "Mama, andika hata moja tu. Tumezoea vibaya." Nikamwambia mimi si kichaa. Mchana huo nikachana boksi.

Nilikaa nalo muda mrefu. Kwenye tivii alikuwa yule kijana wa vitunguu. Nikaandika: HUYU ANAKATA KITUNGUU. Nikalitundika.

Mwita akatazama tivii, akatazama boksi, akatazama tivii. "Mama," akasema, kwa heshima kabisa, "tunaona."

Nikalitoa. Nikaongeza neno moja, nikalirudisha: HUYU ANAKATA KITUNGUU VIBAYA. Mtu mmoja alikohoa. Robhi alikuwa mlangoni na ndoo. Alinitazama namna wewe ulivyonitazama ile siku, ile huruma, halafu akageuka. Afadhali angenitukana.

Kumbe Marwa alikuwa anazipata habari. Akatuma neno kwamba nyumba ya kaka yake imezimika, mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe za nyumba hiyo amekufa, mimi ni mzee, mtoto wa kike hawezi kukulia kwenye hoteli ya wachimbaji. Atamchukua Robhi akakae bomani kwake Itiryo. Niende tukalimalize. Nikamjibu siendi, mwenye shida ndiye anayetembea. Basi akaja yeye, Jumapili, na wazee wawili: Mzee Nyamhanga, unamkumbuka, yule mkubwa wa ukoo asiyeona vizuri na hakusoma kabisa, na mwingine wa kuitikia tu.

Na nikuambie ukweli, niliogopa. Nilimjua Marwa anachotegemea. Alikuwa amemletea Robhi begi jipya la shule, la zipu, na alishasikia kwamba mtoto hasemi na mimi. Alipanga kumuuliza mbele ya wazee, "Unataka kukaa na nani?" Nami jibu nililijua. Nani anataka kukaa na bibi aliyewashia moto maneno ya mama yake? Hata mimi nisingekaa na mimi.

Niliwapikia vizuri. Usidhani niliwabembeleza, mgeni anakula hata akiwa mwizi. Hoteli ilikuwa wazi, Jumapili wachimbaji wanakuja wengi, wanakula wanabaki wamekaa kwenye benchi, hawaondoki, na wengine wamesimama mlangoni na njaa. Hilo limenikera tangu enzi zako. Asubuhi hiyo nikaandika boksi, na halikuwa la mchezo, lilikuwa tangazo: ALIYESHIBA AONDOKE, WENGINE WANASUBIRI. Msumari ni ule ule mmoja. Nikalitundika hapo, nikaenda jikoni.

Marwa alikula sahani mbili. Akanawa, akasimama katikati ya hoteli, mgongo kwenye tivii, akaanza. Alisema vizuri, huyu mtu ni msemaji, hilo simnyimi. Akasema kuhusu kaka yake. Akasema nyumba bila mwanamume ni zizi bila lango. Akasema mimi nimechoka. Mimi! Wateja wametulia, hata waliosimama mlangoni hawataki kukosa. Robhi yuko karaini, mikono kwenye povu, ameinamisha kichwa, na mimi namtazama yeye tu, sitazami kitu kingine.

Nikaona ameinua macho juu ya bega la Marwa.

Nikageuka nione anatazama nini. Kwenye tivii yule mama wa miwani alikuwa na bata mzinga mkubwa, ametakata, miguu juu. Alikuwa anamshindilia mikate tumboni. Anashindilia kwa ngumi, anatafuta nafasi, anashindilia tena. Bata amejaa mpaka anatikisika. Akamfunga miguu kwa kamba, akampigapiga tumbo, akamsukuma kwenye oveni. Na chini yake, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu: ALIYESHIBA AONDOKE, WENGINE WANASUBIRI. Na chini ya hapo, Marwa, mkono umetulia juu ya kitambi, anasema, "Mimi sitafuti chochote kwa nyumba hii."

Robhi alicheka kwa pua kwanza. Kama wewe. Povu likaruka. Akajizuia kwa mkono wa sabuni, ikawa mbaya zaidi. Halafu Mwita. Halafu benchi zima. Mimi nilidhani wananicheka mimi na mwandiko wangu, nikaokota mwiko, naapa, nilikuwa nakwenda kumpiga mtu.

Marwa akauliza, "Mnacheka nini?" Wote wanatazama juu ya kichwa chake. Mzee Nyamhanga akasema, "Mimi sioni. Wewe binti, njoo unisomee." Robhi akaja, anakausha mikono kwenye sketi. Akamsomea. Akamweleza bata. Akamweleza kila ngumi iliyoingia, Ghati, huku anaonyesha kwa mikono, na sauti yake yote ikatoka, ile niliyokuwa sijaisikia tangu msiba. Mzee akasikiliza kama anasikiliza kesi. Halafu akasema, "Marwa, mura, kwani wewe umekula sahani ngapi?"

Basi ikawa haiwezekani tena. Hata yule wa kuitikia alicheka. Marwa alisema mtoto huyu amefundishwa dharau. Hapo alisema kweli, amefundishwa, na mwalimu wake ni wewe. Lakini Mzee Nyamhanga akamwinulia fimbo akae, akamuuliza Robhi unataka kukaa na nani.

Nilishika meza.

Hakunitazama. Alimwambia mzee, "Nakaa hapa. Bibi alichoma maneno ya mama. Atayaandika upya, yote, mpaka yarudi yalivyokuwa. Akimaliza ndiyo tutajua kama nimemsamehe."

Mzee Nyamhanga akasema hukumu hiyo ni nzito lakini ni ya haki. Marwa aliondoka na begi lake la zipu. Nimehukumiwa na mtoto, kwenye hoteli yangu, mbele ya wala dagaa. Ni kosa lako. Usicheke huko.

Tumeanza. Akitoka shule anakaa hapa pembeni yangu, yeye anakumbuka, mimi naandika. Hataki kuandika yeye, anasema hukumu ni yangu. Nikikosea herufi ananirudisha. Ninasema ya tambi ilikuwa hivi, anasema si hivyo bibi, mama hakuweka "na". Mwita analeta maboksi kutoka dukani na anakumbuka mengine, ingawa nusu yake ni uongo wake mwenyewe, na Robhi anamkamata. Bado hanisemeshi mambo mengine. Shule ikoje, hasemi. Usiku analia, hasemi. Lakini ya maboksi anasema, na mimi siulizi zaidi, mimi si mjinga. Nimekubali pia kwenda kwa nesi kupimwa kila mwezi, kwa sababu Robhi alinitazama tu na lile kopo la iliki mkononi.

Nimeelewa sasa ulichosema, ya kwamba ikifanana haichekeshi. Sikueleza mtu. Nakuambia wewe kwa sababu umekufa na huwezi kunitambia.

Nakuahidi hivi, na ahadi ya mtu aliyetoa ng'ombe si maneno: Robhi haendi Itiryo mpaka aende kwa miguu yake na kwa kutaka kwake. Na mabango yako yatarudi msumarini yote. Nisipomaliza kabla ya kufa, nitakuwa nimekufa nikiandika. Kaa vizuri na mzee wangu. Usimfanyie utani kabla hajakuzoea, yule alikuwa mzito kucheka.

Lakini kuna moja tumekwama. Yule mwanamke mnene anayepeleka keki yake kwa wale watatu wa suti, inaanguka njiani, anabaki amesimama na sahani tupu. Boksi lake hatulikumbuki. Robhi hakumbuki, Mwita hakumbuki, tumeuliza mpaka wauza mitumba. Wote wanakumbuka walicheka, hakuna anayekumbuka uliandika nini. Mtoto analia kwa hilo moja kuliko yote. Jana mwanamke yule alipotokea, tulitundika boksi tupu.

Kwa hiyo usilale bado. Usimtokee Robhi ndotoni, utamtisha, ana mtihani. Njoo kwangu. Njoo alfajiri, kabla sijawasha jiko, simama hapo mlangoni, uniambie yule mwanamke wa sahani tupu anasema nini. Nimeacha kalamu wazi. Sema taratibu, niandike.